Mwanangu ana miaka 15, anavaa sweta joto lote hili la Dar. Nianzie wapi?

FUNDI BATI ameandika:

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri na wale wa utani wapite tu leo, hili sio la utani.

Nina kijana wangu wa kwanza, miaka 15, yuko bweni, kamaliza mtihani wa taifa wa kidato cha pili mwezi wa kumi na moja akarudi likizo. Sasa mtoto niliyempandisha basi Januari na huyu aliyerudi ni watu wawili tofauti. Mchana analala, usiku yuko macho, ukitoka kwenda chooni saa nane unaona mwanga wa simu chini ya mlango. Ukimwita kula anasema kashiba, ukimuuliza kashiba nini anakuangalia tu. Mpira ambao alikuwa anaupenda kuliko ugali hataki hata kuusikia, wenzake wamemfuata mara mbili tatu wakachoka. Na muda wote kavaa sweta la shule mikono mirefu. Mnalijua joto la Mbagala mwezi wa kumi na mbili, nyumba ya bati, feni moja na umeme wenyewe wa kubahatisha.

Jumamosi mama yake alikuwa anafua, akamwambia lete hilo sweta linanuka, dogo akakataa, wakavutana, mkono wa sweta ukapanda juu ndio mama akaona. Amejikata. Kuna makovu ya zamani na kuna vidonda vibichi. Mama akapiga yowe mpaka jirani akaja na ndoo ya maji akidhani jiko limelipuka.

Sasa hapa nyumbani kila mtu na lake. Mama yake anasema ni majini, kuna mtu kamtumia. Kaka yangu anasema nimpe viboko vya kutosha ataacha ujinga. Mimi nipo katikati sijui nishike lipi. Na niseme ukweli wangu wote, mwezi wa nane niliitwa shuleni, kijana alikuwa anashika namba ya 6 au ya 7, akashuka mpaka ya 41, mimi kwa hasira nikamchapa palepale ofisini mbele ya walimu na mlango uko wazi. Hiyo picha hainitoki.

Maswali yangu: nianzie wapi, ndio hospitali ya akili ya Mirembe mpaka Dodoma? Si ataitwa chizi maisha yake yote? Pili kuna mtu kaniambia nikimpeleka hospitali wataita polisi maana kutaka kujiua ni kosa la jinai. Tatu, nimuulize kabisa kama anataka kufa, au nikiuliza ndio nitakuwa namfundisha? Shule zinafunguliwa Januari, muda ni mdogo.

MZEE WA KONA:

Simu tu hiyo mkuu. Nyang'anya simu wiki mbili uone kama hajaanza kula. Sisi tulilelewa na fimbo na tupo.

BINTI WA ALFAJIRI:

Pole sana kaka. Msiache maombi, mpelekeni kwa mchungaji au kama ni Waislamu asomewe. Mungu ni mwema.

NESI WA USIKU:

Kaka Fundi pole, pole na mama pia. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, hospitali yangu siitaji, ila nitakujibu kama ninavyowajibu wazazi pale benchini kila wiki maana huyo mwanao sio wa kwanza wala wa kumi.

Swali lako la tatu ndio la kwanza kulifanyia kazi na ni la usiku wa leo. Muulize. Huwezi kumpa mtoto wazo la kujiua kwa kumuuliza, hiyo imeshachunguzwa sana na majibu ni yaleyale, anayeulizwa mara nyingi anapumua kwa sababu alikuwa kabeba peke yake. Usizunguke. Mtafute mkiwa wawili, msiangaliane sana usoni, mnafanya kazi ya mikono ndio vizuri, halafu sema kwa Kiswahili cha kawaida, mwanangu umewahi kuona bora usiwepo, umewahi kuwaza kujiua? Kisha nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndio wazazi wengi wanaanguka, wanaogopa ukimya wanaanza kujijibia wenyewe.

Akisema ndiyo, usipige yowe, usimlishe kiapo cha "niahidi hutarudia", muulize kama amepanga atafanyaje na lini. Akiwa na mpango, hapo hakuna cha kusubiri Jumatatu, mnaenda hospitali dirisha la dharura usiku huohuo na asiachwe peke yake hata kwenda chooni. Akisema amewaza lakini hana mpango, au hajawaza kabisa, bado anaenda hospitali, ila mna siku mbili tatu za kujipanga. Wengi wanaojikata hawatafuti kufa, wanatafuta maumivu wanayoyaweza yafunike yale wasiyoyaweza. Lakini msije mkalala usingizi kwa sababu hiyo, mtoto anayejidhuru hatari yake mbele ni kubwa kuliko ya mwenzake.

Halafu zunguka nyumba. Watu wakiona alama wanakimbilia kuficha wembe, sumu ya panya imekaa juu ya kabati na dawa za presha za bibi zipo kwenye mfuko wa rambo pale ukutani. Fungia vyote, funguo kaa nayo wewe.

Sasa hospitali. Hapana, sio Mirembe. Mirembe ipo tangu 1927 na imegeuka neno la kutukania watu, mtu akivaa soksi tofauti anaambiwa katoroka Mirembe, kwa hiyo wazazi wanaona kuumwa akili ni lazima upande basi la Dodoma. Wewe uko Mbagala, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa Temeke. Wa upande mwingine wa jiji wana Amana na Mwananyamala, na juu yao ipo Muhimbili. Kwa wanaosoma huu uzi wakiwa mikoani, anzeni hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, hospitali za kanda kuna KCMC Moshi, kuna Bugando Mwanza, kuna Mbeya, na walioko Unguja ni Kidongo Chekundu. Kama una bima piga simu kwanza uulize kama unahitaji karatasi ya rufaa kutoka kituo cha afya, usije ukapanga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi ukarudishwa dirishani.

Mkifika hamtafungwa kamba. Mnafungua faili, mnakaa. Wataongea na nyie wazazi, wataongea na kijana peke yake, halafu pamoja. Ukiambiwa toka nje, toka, usisimame mlangoni. Wataulizia mambo utakayoona hayahusiani: alizaliwaje, aliwahi kupata degedege, analalaje, kuna nani mwingine kwenye ukoo aliyewahi kuugua hivi, bangi, marafiki, na kama kuna mtu amemgusa au kumfanyia vibaya. Hilo la mwisho wataliuliza hata kwa mtoto wa kiume na msishtuke. Wanaweza kumpima damu pia. Usimjibie. Mama akiulizwa aseme na hilo la majini asifiche, hatutamcheka, tunahitaji kujua mtoto amepewa nini na nani, kuna wanaokuja tayari wameshanyweshwa madawa ya ajabu.

Kuhusu dawa, sio kila mtoto anapewa. Ikiwa ni sonona ya kawaida, yaani ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha, wanaanza na tiba ya mazungumzo, anakutana na mtaalamu mara kwa mara anafundishwa kukamata mawazo yake na kuyapanga upya, na nyie mnaitwa pia. Ikiwa nzito anaweza kuanzishiwa dawa, kwa vijana mara nyingi ni fluoksetini, na hapo nisikilizeni vizuri, haifanyi kazi kesho, inachukua wiki 4 mpaka 6, na zile wiki za mwanzo ndio za kumwangalia kwa karibu zaidi. Msiache ghafla eti kapona au eti haijamsaidia. Na msinunue dawa ya usingizi famasi ya mtaani mkampa.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kipo sawa. Wataalamu wa watoto kwenye fani hii ni wachache sana nchini, foleni ipo, unaweza kuonwa na muuguzi au daktari wa kawaida kabla ya kumfikia bingwa, na ukirudi ukakuta mtu mwingine anayeanza kuuliza upya kila kitu. Dawa ya hilo ni ndogo tu: siku ya kwanza muulize jina aliyemwona kijana na siku zake za kliniki, andika nyuma ya kadi.

Mkikwama usiku au kijana mwenyewe anataka kuongea na mtu asiyemjua, namba 116 ni ya bure, ni simu ya huduma kwa mtoto, anaweza kupiga yeye au wewe mzazi.

Dada Binti wa Alfajiri, sina ugomvi na maombi, mimi mwenyewe nasali. Wapelekeni kote kuwili. Ugomvi wangu ni na yule anayesema ukiombewa uache dawa. Na Mzee wa Kona, ulilelewa na fimbo upo, sawa, wale ambao hawapo hawawezi kuja kuandika hapa.

MZEE WA KONA:

Umenipiga nesi. Sawa nimekaa.

FUNDI BATI:

Nesi asante sana, nimesoma mara tatu na nimempa mke wangu asome.

Nimemuuliza. Jana jioni kuna embe dodo nilileta kutoka saiti, tukakaa nje kwenye kibaraza tunamenya, mimi nina kisu yeye nimempa kazi ya kushika sahani (nimefikiria sana nani ashike kisu, mjue). Nikamuuliza vilevile ulivyoandika, sauti ilinikauka. Akakaa kimya muda mrefu, nikahesabu bodaboda tatu zimepita. Akasema, nimewaza baba ila sio sasa hivi, shuleni ndio nilikuwa nawaza. Nikamuuliza kama alipanga, akasema hapana.

Halafu akasema kitu ambacho sijalala. Siku ile nimemchapa ofisini, kuna wanafunzi walikuwa dirishani. Tangu siku hiyo bweni zima wanamwita Ngoma. Usiku taa zikizimwa mmoja anagonga kitanda na wengine wanaitikia kwa kugonga vitanda vyao. Kila usiku. Kuanzia mwezi wa nane mpaka wa kumi na moja. Anasema hata mwalimu wa zamu mmoja alishawahi kumwita hilo jina.

Sikuwa na la kusema. Nimemenya embe mpaka zikaisha.

Mwenye jibu la polisi naomba, maana mke wangu ndio kinachomgomesha.

WAKILI WA MTAANI:

Mkuu kwanza pole. Nijibu la kisheria kidogo. Ni kweli Kanuni ya Adhabu yetu kifungu cha 217 kinasema anayejaribu kujiua ana kosa, kipo tangu enzi za mkoloni na hakijafutwa. Kwa hiyo aliyekuambia hajatunga. Lakini angalia hali yako: mwanao hajajaribu kujiua, amejidhuru, amekwambia mwenyewe hana mpango, na unampeleka kliniki kwa sababu ya huzuni, usingizi na kujikata. Hiyo ni tiba. Kuna Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 na mtu kwenda kutibiwa kwa hiari ni jambo la kawaida kabisa. Miaka yangu yote sijawahi kuona mzazi amempeleka mtoto kliniki ya akili akaishia kituoni. Ninachoona ni wazazi wanaoficha kwa kuogopa hicho kifungu mpaka siku inapokuwa msiba. Binafsi naona kifungu chenyewe kinaua kuliko kinavyookoa.

Wenzetu Kenya wao walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, Mahakama Kuu ikakitangaza kinapingana na katiba Januari 2025. Sisi bado.

Ila huyo mwalimu wa zamu na hayo ya bweni usiyaache hivihivi. Yaandike kwa tarehe wakati kijana anakumbuka.

MAMA WAWILI TABATA:

Baba yangu pole, nimelia kwenye daladala kwa sababu ya hizo kelele za vitanda watu wananiangalia.

Mimi binti yangu alikuwa na miaka 13. Yeye hakujikata, yeye aliacha kuongea. Sio kununa, kuacha kabisa, anaandika kwenye karatasi. Hospitali ya kwanza tuliyokwenda, siitaji, aliyetupokea alimwangalia nusu dakika akaniambia mama huyu anajifanya, mpe kazi za nyumbani nyingi. Nikarudi nikampa. Nilimpa masufuria yote ya nyumba. Hilo sijajisamehe.

Baada ya miezi miwili shemeji yangu akanipeleka kwingine nikapata mwanasaikolojia dada mmoja mpole, na yeye wiki ya pili tu akasema nataka baba aje. Mume wangu akagoma, mimi sio mgonjwa, nina kazi. Akaitwa mara tatu. Alipokuja hatimaye akakaa kiti cha karibu na mlango, funguo za gari mkononi. Yule dada hakumsema chochote, alimuuliza tu, mara ya mwisho mmecheka wote wanne nyumbani ilikuwa lini. Mume wangu akafikiria, akafikiria, akaweka funguo mezani.

Akatupa kazi moja, dakika 20 kila jioni, wote, bila simu na bila swali hata moja la shule. Wacha niwaambie ukweli siku ya kwanza tulikaa kama tuko msibani, tunasikiliza friji. Siku ya tatu mdogo wake akaanza kuigiza sauti ya muuza kahawa, yule mkubwa akacheka kwa pua. Hapo tu. Kuongea tena alianza mwezi wa nne na mpaka anakaa sawa ni miezi saba, katikati hapo alirudi nyuma mara moja nikaona kila kitu kimeharibika, kumbe wanatuambia mapema kwamba kurudi nyuma kupo.

Hela iliyoniisha sio ya matibabu, ni nauli na siku za kutofungua duka. Jipange hapo Fundi, siku ya kliniki ni siku nzima usidanganyike utawahi saiti mchana.

Na kingine, na nyie wawili mtafutane mtu wa kuongea naye. Yule dada alikuja kunigundua na mimi nilikuwa silali tangu mtoto anyamaze, nilikuwa najua tu kwamba ni umama.

TICHA CHAKI:

Mimi ni mwalimu wa sekondari miaka 11 na ninaona aibu kwa niaba ya huyo mwenzangu wa zamu.

Niwape picha ya ndani. Kila shule kuna mwalimu amepewa ushauri nasaha kwenye karatasi. Mara nyingi ni mwalimu huyohuyo wa Baiolojia mwenye vipindi vingi na zamu ya jikoni, hajapata mafunzo zaidi ya semina ya siku mbili, na chumba hana, anashauri watoto chini ya mwembe wenzao wanaangalia. Mtoto gani ataenda? Kwa hiyo ukisubiri shule igundue utasubiri sana, sisi tunagundua namba imeshuka, hatugundui kwa nini.

Kwa Fundi, mambo mawili. Matokeo ya kidato cha pili yanatoka Januari na asiyefikisha anarudia darasa. Mwandalie kabla, mwambie wewe mwenyewe kwa mdomo wako kwamba hata akirudia hapigwi wala hafukuzwi. Na bweni asirudi mpaka daktari aseme, na ukiweza mtafutie shule ya kutwa karibu na nyumbani. Uhamisho una mlolongo wa barua, anza sasa hivi usingoje tarehe ya kufungua, na ukiwa na barua ya hospitali inasaidia sana. Kwa mkuu wa shule nenda ukiwa umetulia, na maandishi kama Wakili alivyosema, sio na kaka yako wa viboko.

MKAZI WA KISAUNI:

Mimi niko Mombasa, pole sana ndugu yangu. Huku pia ni hayohayo, mtoto akiugua hivi jirani anasema mpelekeni Mathari, hospitali ya akili ya Nairobi, kama vile ni tusi. Lakini si lazima mtu aende Nairobi, hapa Mombasa tuna hospitali ya Port Reitz. Na 116 hata huku kwetu ni laini ya watoto, ni bure.

Nilitaka tu kuongeza kuhusu shule. Kuna shirika la Shamiri huku Kenya, wao wanachukua vijana waliomaliza shule juzi tu, wanawafundisha, halafu wanakaa na wanafunzi wa sekondari katika vikundi vidogo mara nne hivi, wanaongea kuhusu kujikuza, shukrani, vitu mtu anavyothamini maishani. Neno ugonjwa halitajwi sana. Na wamepima wakaona dalili za huzuni na wasiwasi zinapungua. Mpwa wangu alikaa kwenye kikundi kama hicho, aliniambia alichopenda ni kwamba anayeongoza alikuwa na miaka kama 20 na yeye pia alikuwa amefeli hesabu. Shirika la Afya Duniani, WHO, wanasema kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 ana shida ya afya ya akili, sasa hesabu darasa la watoto 50 uone ni wangapi. Daktari bingwa hatatosha hata tukisomesha wangapi.

KIJANA WA MAKUMBUSHO:

Sina maneno mengi mzee wangu. Mimi nilikuwa huyo wa sweta. Saa hizi nina miaka 22 nipo chuo. Kilichonisumbua kuliko kidonda ni mama alivyokuwa ananikagua mikono kila asubuhi kama askari wa geti, nikawa najikata sehemu asipoona. Nilipoacha sio kwa sababu ya kukaguliwa, kuna baba mdogo alikuwa ananiita twende tukafungue genge lake saa kumi na moja, hatuongei chochote, tunapanga nyanya tu. Kliniki ilinisaidia, dawa nilitumia kama mwaka hivi, lakini nyanya pia zilinisaidia. Mwambie dogo makovu yanafifia. Sweta usimvue kwa nguvu, atalivua mwenyewe.

BINTI WA ALFAJIRI:

Kijana Mungu akutunze. Kaka Fundi tupe mrejesho tafadhali, nimekuwa nafungua huu uzi kila asubuhi.

FUNDI BATI:

Mrejesho wakuu, samahani nimechelewa kulikuwa na kazi ya paa Kigamboni.

Tulikwenda Alhamisi, mimi mama na kijana. Mama alikubali baada ya kusoma la Wakili, ila alibeba na chupa ya maji ya kuombewa kwenye pochi, nikasema isiwe shida. Foleni ni ndefu kama mlivyosema, tumefika saa moja kasoro tumetoka saa tisa. Niliogopa kukutana na watu wanaopiga kelele, nikakuta watu wa kawaida tu, kuna mama kamleta binti kavaa sare za shule nzuri kabisa, kuna mzee na mjukuu.

Walituuliza yote. Mke wangu alipoulizwa kuhusu uzazi wake akaanza kulia, kumbe alishikwa na uchungu siku mbili na mimi nilikuwa Mtwara kwenye kazi, miaka 15 hajawahi kunisimulia hivyo. Kijana wakakaa naye peke yake dakika kama arobaini, mimi nje kwenye benchi nasoma bango la kifua kikuu mpaka nikalikariri. Aliyemwona anasema ni sonona, kwa sasa hawajampa dawa, wataanza na mazungumzo kila wiki halafu waangalie. Nimeandika jina lake na siku zake nyuma ya kadi. Na mimi na mama tumeambiwa tuje wiki ya tatu.

Barua ya shule wamesema nitapata. Ticha nimeshaulizia shule ya kutwa hapa karibu, kuna nafasi ila wanataka ile barua ya uhamisho. Mama Wawili, dakika 20 tumeanza, siku ya kwanza kaka yangu alikuja katikati tukamkaribisha akakaa dakika tano akaondoka, kasema nyumba hii imekuwa kama ofisi.

Kwenye daladala ya kurudi tulipata siti za nyuma mimi na kijana, mama akakaa mbele. Nikamwomba radhi. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu asubuhi nikayasema yote kwa mkupuo, la ofisini, la dirishani, la Ngoma, nimesema na jina lake kamili alilopewa na babu yake. Akanisikiliza mpaka mwisho anaangalia nje. Halafu akasema, baba, konda anadai nauli.

Nikalipa za watatu. Sweta bado analo. Jumanne tunarudi.